Bia ya Nusu kwa Nusu

Mama alipokuwa hai, Krismasi nyumbani kwetu Mkunazini ilianza kunukia mapema. Alikuwa akitandika gunia bichi kwenye roshani, anamwaga mtama juu yake, anaufunika na kuugeuza kila asubuhi mpaka utoe vimizizi vyeupe. Akishauanika na kuusaga, alipika pombe ya kwao Tabora. Sisi watoto tulipewa togwa, ile tamu ambayo bado haijalala na kuchacha. Baba alingoja yake, na alipoipata alinyamaza, jambo ambalo kwa baba halikuwa la kawaida.

Wazazi walikuja Unguja wakiwa vijana, baba akitafuta kazi ya useremala. Mama aliacha mengi ya bara, hilo la pombe hakuliacha. Alipofariki, mimi na kaka yangu tuligundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejifunza kuipika.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika hoteli moja Kendwa, nikirudi mjini siku za mapumziko. Mpishi wetu mkuu alikuwa Mzungu wa makamo, mtu mkimya, aliyekuwa akijipikia bia yake mwenyewe nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Siku moja nilipita nikasikia harufu ya nafaka iliyoloa maji ya moto, nikasimama. Nilikuwa nimerudi roshani kwetu, na mama yuko hai.

Aliniona nimeganda, akaanza kunieleza kwa Kiswahili chake cha jikoni. Anayeanza kabisa, alisema, hununua kopo la kimea, yaani utamu wa nafaka iliyooteshwa uliokwisha kukamuliwa, mzito kama asali, akalichemsha tu. Fundi hutumia nafaka tupu. Katikati iko njia ya nusu kwa nusu: unaloweka kimea kidogo mwenyewe, unakamua utamu wake, kisha kopo linajazia palipopungua.

"Nafaka itakupa ladha," alisema. "Kopo litakufichia aibu."

Mkataba wake ulipokwisha aliniachia alivyobakiza: makopo mawili, mfuko wa shayiri iliyooteshwa na kupondwa, paketi za hamira, maua makavu machungu yanayoitwa hopsi, na kipimajoto. Nikavileta nyumbani kwa baba.

Baba alivitazama vile vitu mezani kama mtu anayekagua mizigo. Nikamwambia nataka kupika bia ya Krismasi, na kwamba sehemu ya shayiri nitaiondoa, nitie mtama kama wa mama. Hapo akakaa vizuri.

"Sasa nisaidie, baba. Mama alijuaje kama maji yamefika joto lake?"

"Nitajuaje? Alikuwa akinifukuza jikoni."

"Hukuwahi hata kuchungulia?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa mnywaji. Kila mtu na kazi yake."

Tulicheka mpaka akatoa leso akafuta macho, na sikuuliza kama ni kicheko tu. Kesho yake alikwenda mwenyewe Darajani kununua mtama. Aliutandaza roshani kwenye gunia, akawa anaamka kuumwagia maji kabla hata hajapiga mswaki. Uliota nusu, nusu nyingine ikaoza. Tukachagua uliopona, tukauanika na kuuponda.

Siku ya kupika niliweka sufuria kubwa juu ya jiko la makaa. Nilifunga kimea cha shayiri na mtama ndani ya kitambaa cheupe, nikakizamisha, na baba akashika kipimajoto kama fundi wa umeme. Kimea kinataka maji ya moto yasiyochemka. Yakizidi, ule utamu hautoki tena. Makaa lakini hayana adabu. Nilipogeuka kuchukua mwiko, baba akaita, "Joto linapanda! Linapanda!" Tukaiteremsha sufuria, lakini tulikuwa tumechelewa. Nilipoonja nilikuta utamu hafifu.

Baba naye akaonja. "Maji ya kuoshea mchele," akasema.

Nilitaka kumwaga. Nilikuwa nimechoka, nimetoka jasho, na nilihisi kama mama ananitazama mlangoni. Baba akanishika mkono. "Si ulisema kopo linaficha aibu? Haya, lifiche."

Nikatoa kitambaa cha kimea, nikachemsha, nikatia hopsi, kisha nikakoroga kopo zima ndani. Rangi ikageuka ya hudhurungi na nyumba nzima ikajaa harufu. Ndipo jirani yetu wa chini, bibi mtu mzima aliyekuwa shoga ya mama, akapiga hodi.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Nnasikia harufu ya uji wa shayiri, na Ramadhani bado. Nani mgonjwa?"

Sikutaka kumficha. Nikamwambia ni bia, ila bado haijatiwa hamira. Kwa sasa ni maji ya shayiri na mtama tu. Akasogea karibu na jiko.

"Mama yako, Mungu amrehemu, akinletea togwa kabla haijalala. Siku zote kabla." Akaangalia sufuria, hopsi zikielea juu. "Hayo maua ndiyo yanukayo hivyo? Hayo sitaki. Siku nyingine nchotee kabla hujayatia."

Tangu siku hiyo kikombe chake kilikuwa cha kwanza kuchotwa.

Shida iliyobaki ilikuwa joto. Hamira ya yule mpishi ilitaka ubaridi, na kwetu hata ukuta una jasho. Pombe ilipopoa niliimimina kwenye ndoo, nikatia hamira, nikaiweka ndoo ndani ya beseni la maji, nikatafuta kitambaa cha kuivika ili kinyonye maji na kuipoza. Baba aliingia chumbani, nikasikia kifuniko cha sanduku. Akarudi na khanga ya mama.

"Baba, hiyo hapana."

"Bora ifanye kazi kuliko kuliwa na mende," akasema, akaiviringisha mwenyewe.

Siku ya Krismasi, tuliporudi kutoka ibadani, nilifungua chupa ya kwanza. Povu lilipanda kidogo, likatulia. Baba alikunywa bila kusema kitu. Alikunywa tena.

"Si ya mama yako," akasema.

"Najua."

"Haifanani hata kidogo." Akasukuma gilasi. "Ongeza."

Tulipika pamoja kila nilipopata likizo na mtu wa kutuletea makopo. Tulijifunza kuteremsha sufuria mapema, kuifunga blanketi na kuiacha. Pombe ya Tabora hatukuipata kamwe. Tulipata nyingine, chungu kidogo, yenye harufu ya mtama kwa mbali, na baba aliwaambia wageni wote kuwa ni kazi yake.

Baba alifariki mwaka jana, masika. Krismasi iliyofuata nilipika peke yangu. Joto lilitulia pale pale nilipotaka, kimea kikatoa utamu wote, na kopo nililihitaji kidogo sana. Nikasema kwa sauti, "Safari hii imekubali." Nyumba ilikuwa kimya. Nikachukua mwiko, nikakaa pale nikikoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.