Nilitafuta chumba Tabora cha kuendea kazini kwa baiskeli, balozi akaniomba hongo mbele za watu

Wakuu, heshima zenu.

Kuna kijana ameuliza humu: anahamia mji mgeni, kazini atakwenda kwa baiskeli, apange wapi? Naona mnamjibu habari za maji na umeme tu. Ngoja nami nitoe yangu. Hii si chai, yalinikuta mwenyewe miaka ile ya Ujamaa.

Shule niliiacha mapema. Nikisikia jina la mji, miguu inawasha. Asubuhi moja, nikiwa kibarua wa tumbaku Goweko, nilifunga blanketi kwenye keria ya baiskeli nikashika njia ya kando ya reli. Mpango sina. Nililala Igalula, kesho yake jua halijawa kali nikaingia Tabora.

Nje kidogo ya mji nikakuta kiwanda cha mbao. Nilisimama nishangae tu msumeno unavyokula gogo la mninga. Msimamizi akanifokea, "Wewe, unatazama au unafanya kazi?"

Nikasema nafanya.

"Basi kesho king'ora kikilia uwe ndani. Kikishalia, geti sifungui hata ukija na mama yako."

Furaha ikageuka presha. Zama zile ukikutwa mjini huna pa kulala unaitwa mzururaji, unapakiwa kwenye lori ukalime kijijini. Chumba nilikitaka siku ile ile.

Cha kwanza kilikuwa karibu na soko. Sakafu ya saruji, dirisha lina wavu, nikakipenda. Nikajaribu njia mpaka kiwandani.

Wakuu, mchanga! Tairi linazama kama uji. Nikaishia kuibeba baiskeli begani, utadhani aliyeajiriwa ni yeye.

Nikabadili mbinu. Nikaanzia getini kwa kiwanda, nikafuata alama za matairi zilipo nyingi, kwenye udongo mgumu. Zikanifikisha kwenye safu ya nyumba za udongo zenye baraza. Mbele ya moja, fundi cherehani anashona, na mama mmoja mnene anachambua mchele. Nikaambiwa huyo ndiye balozi wa nyumba kumi, na chumba anacho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Manyoni. Kesho naanza kazi kiwanda cha mbao, nikichelewa geti halifunguliwi. Mimi Mgogo."

Mama akaweka ungo chini. Akainuka, akashika usukani wa baiskeli yangu kwa mikono miwili.

"Mgogo! Hapa hupiti. Toa hongo kwanza."

Balozi wa chama, mchana kweupe, fundi anasikia! Nikajua huu ni mtego. Nikitoa, jela. Nisipotoa, sina chumba, na lori linanisubiri.

Nikapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mama, mimi sitoi rushwa!"

Fundi akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Nani kataja rushwa, we kichwa maji?" mama akanijia juu. "Nimesema hongo! Babu zetu wamebeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, wakifika kwenu Ugogo, hongo! Maji ya kunywa, hongo! Kukanyaga vumbi lenu, hongo! Leo Mgogo umejileta mwenyewe, nikuache?"

Ndipo nikaelewa. Utani wa kabila lake na langu! Nilizoea utani wa misibani. Hongo mimi niliijua ile ya kwenye redio, ya kwenda jela. Hii ya misafara, ya kulipia njia, sikuwahi kuisikia.

Mdomo ukafunguka.

"Mama, mlilipa ya kwenda tu. Ya kurudi mlitoroka usiku. Nimetumwa kuidai. Chumba hiki changu!"

Nikaingia ndani nikakaa juu ya kitanda cha kamba.

"Ombaomba wee!" akapiga kelele nje. "Haya kaa! Mwisho wa mwezi kodi utalipa kama wenzio. Hongo yangu naichukua."

Nikachungulia dirishani. Wakuu, yule mama alijifunga kanga, akapanda baiskeli yangu, huyoo, akakata kona kuelekea kiwandani. Mwanamke wa makamo juu ya baiskeli ya kiume, enzi zile! Chumba ninacho, baiskeli sina.

Alirudi kabla ya magharibi, jasho linamtiririka, akaiegemeza ukutani.

"Njia ina udongo mgumu, haina mchanga. Utawahi. Breki zako mbovu, nusura niue kuku wa watu." Akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye bakuli, nikala.

Kijana uliyeuliza, usianze na chumba. Anzia getini kwa kazi, fuata matairi ya wenzako, panga yanakokwenda kulala. Na ukiulizwa kabila lako, shika usukani kwanza ndipo ujibu.

Waliowahi kufanyiwa utani wakadhani ni kesi, tuambieni yenu hapa chini.