"Iko" si Jibu la Ziwani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nawe keti kwanza, maana leo sina nguvu za kusema jambo mara mbili. Nimekuuliza kama umekagua boti la tajiri wako pale bandarini Nyalukemba, ukanijibu mimi bibi yako huku unavaa viatu: "Iko bien, koko, iko sawa." Neno hilo "iko" limenichosha tangu enzi za Wabelgiji.

Enzi hizo nilikuwa mke mgeni, mja mzito. Baba mkwe wangu, Muzee Kaningu, alitunza maboti ya wazungu pale pale bandarini, na mume wangu Deo alimsaidia. Kila asubuhi walikagua kamba, mafuta ya mota, na kizibo cha lile tundu la nyuma la kutolea maji ya mvua. Wao walikiita bushoni. Asubuhi hiyo mzungu mmoja alituruhusu tuvuke ziwa kwa boti lake nikamwone mama yangu mgonjwa. Muzee akapaza sauti kutoka ufukweni:

"Deo, bushoni iko?"

"Iko, papa!"

Na kweli ilikuwapo. Ilikuwa nyumbani, juu ya meza, kando ya taa.

Tulikuwa mbali na nchi kavu maji yaliyoingia kwa tundu lile yalipopita juu ya mbao za kukanyagia na kunilowesha miguu. Kuogelea sijui hata leo. Niliogopa, mwanangu, hasa kwa ajili ya yule niliyembeba. Nikavua kitambaa cha kichwa, Deo akakishindilia tunduni, mimi nikateka maji kwa sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo niliyompikia mama. Sombe yote waliila samaki.

Tuliporudi ufukweni, Muzee alinifunika koti lake, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mutoto, sikukuuliza kama iko duniani. Nilikuuliza kama uliiguza."

Hakupiga kelele. Tangu hapo ilibidi umjibu "niliiguza", na mkono wako uwe umegusa kweli, la sivyo boti halikutoka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziwani, mwanangu, hakuna pa kujenga ukuta. Deo nilimzika akiwa mzee, amefia kitandani mwake, namshukuru Mungu. Nimebaki mimi wa kuuliza, na kuuliza kunachosha.

Yule niliyembeba ndiye baba yako. Basi kabla ya kusema iko, peleka mkono: kamba ivute, mafuta yatazame, kizibo kikaze wewe mwenyewe. Mungu akuvushe salama, na akurudishe kwangu. Sasa nenda ukaiguze bushoni, nami nipate kulala.