Popo wa Bi Mahfoudha Hawajarudi

Jua halijapanda, na Bi Mahfoudha Awadh anafagia chini ya mti wa mkungu ulio nyuma ya nyumba yake, Kisauni. Ufagio unakusanya manyoya meupe na kinyesi cha ndege. Kungu, matunda ya mti huo, ni mbili tu, tena mbichi.

"Zamani nikiinama hapa, siinuki ila kikapu kimejaa," anasema.

Kwa miaka mingi riziki yake imetoka kwenye kokwa za kungu. Huzianika, akazipasua kwa jiwe, kisha viini akawauzia wapika kashata sokoni Kongowea. Mkungu wenyewe ni mchoyo, hauzai sana. Popo ndio waliokuwa wachukuzi wake, tena wasiotaka mkokoteni: walibeba kungu za mitaa mizima, wakaja kuning'inia matawi ya chini, wakala nyama na kudondosha kokwa.

Mwaka juzi yangeyange, wale ndege weupe, walihamia mtini, popo wakahama. Jirani yake, Phineas Kyalo, akachoshwa na tangi la maji lililochafuliwa kila siku na ndege hao, akataka mti ukatwe.

Bi Mahfoudha alimwendea, akamweleza kuwa wageni hao hawafanani. Yangeyange hupenda kileleni penye upepo. Popo hutafuta kivuli cha chini.

"Popo ala, adondosha, enda zake," alimwambia. "Yangeyange yuaja kulala, na kesho yuaja na nduguze. Kata juu, mwanangu. Chini niachie."

Phineas alicheka, akakubali. Jumamosi iliyopita kilele kilishushwa, na yangeyange wakahamia mvinje wa mbali. Tangi sasa ni safi, lakini popo hawajaonekana.

Na muda unamwishia. Mwanawe, Bassam, amemtayarishia chumba kwake Miritini, wala haoni kwa nini mtu mzima akae peke yake akingoja popo. Bi Mahfoudha ameomba amalizie msimu huu wa kungu, kisha atafunga virago.

Ukimuuliza kama analilia biashara, anatikisa kichwa na kuonyesha paa la nyumba hiyo hiyo alimozaliwa, bati lililobonyea kila mahali.

"Mama alinifia ningali mdogo, usingizi ukanipaa. Usiku kungu zikianguka juu ya bati, nikijua kuna walio macho pamoja nami. Nataka niisikie tena sauti ile, hata usiku mmoja. Kisha Bassam na aje anichukue, inshallah."