Ijumaa Tuliyozuiwa Kuingia Venisi

Kwetu Unguja, Waitalia ndio waliokuwa wakija kututazama sisi. Walipita vichochoroni na kofia zao za ukili, wakapiga picha milango yetu, kanga zetu zilizoanikwa, hata paka wetu, na hakuna aliyewauliza wamekuja na nani. Mwanamume peke yake, mwanamke peke yake, wote karibu. Ndiyo maana nikiikumbuka ile Ijumaa ya Doha hasira hunipanda upya, na wala sina haja ya kuipoza.

Nianze na mwenzangu. Mume wangu, nasema, wa mahari na mashahidi. Tulikutana kwenye hoteli ya pwani ya mashariki, yeye akihudumia meza, mimi nikitandika vitanda. Wageni wengi walikuwa Waitalia, na Kitaliano chao alikiokota hapo hapo mezani mpaka akawa anawatania. Mzee mmoja alipenda kumwonyesha picha za mji wake, Venisi, ambao barabara zake ni maji. Tukimaliza kazi mwenzangu ananihadithia mimi: huko mtu akienda sokoni anapanda boti, na maji yanafika mpaka kizingitini. Tukawa tunasema siku moja tutakwenda. Maneno ya wachumba hayalipiwi kodi.

Badala ya Italia tulikwenda Doha. Yeye alitangulia, mimi nikafuata baada ya mtoto wetu kuachishwa ziwa na kubaki kwa mama yangu. Wakala aliyetupeleka alituambia mapema kwamba makampuni hayataki mume na mke, kwa hiyo kila mmoja ajiandikishe kivyake. Tukafanya hivyo. Mimi nikawa nasafisha vyumba vya hoteli, nalala nyumba ya wafanyakazi wanawake kule Al Thumama, ambako hata fundi bomba haingii mpaka msimamizi asimame mlangoni. Yeye akawa dereva wa gari la kusambaza mboga mahotelini, analala na wanaume wenzake Al Wukair. Basi ndoa yetu ikawa mlango wa nyuma wa hoteli, penye makreti ya nyanya, siku ambazo jiko letu limeagiza nyanya. Tunaulizana hali, ananitilia embe mkononi, karani wa stoo anaanza kukohoa, mwenzangu anawasha gari.

Mtoto alikua akitujua kwenye simu, baba siku yake, mama siku yake. Siku moja akamuuliza bibi yake kama baba na mama wanajuana. Mama yangu alikuwa akicheka aliponisimulia. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi za dharura za hoteli nikalia, kisha nikaapa kwamba mtoto yule ataipata picha yetu, tumesimama pamoja, tumevaa vizuri, mahali pa maana.

Nafasi ilikuwa moja tu. Mkataba wa mwenzangu ulikuwa umekwisha na kampuni haikutaka kuuongeza. Wiki ile ile angerudi nyumbani, mimi nabaki. Nikambembeleza msimamizi wangu mpaka akanibadilishia zamu, nikapata Ijumaa. Mahali tulikuwa tumepachagua zamani, jengo la maduka lililojengwa mfano wa Venisi, na mfereji ndani yake, na madaraja, na boti.

"Kama hatukufika kwenyewe," mwenzangu alisema, "basi tukapige picha kwenye kivuli chake."

Siku hiyo alivaa shati jeupe alilolinyoosha kwa kulitia chini ya godoro na kulilalia. Miguuni alikuwa na viatu vya kazi, maana hakuwa na vingine. Mimi nilivaa baibui langu la Idi na nikajifukiza udi mpaka wenzangu chumbani wakaniuliza kama nakwenda kuolewa upya. Nikawaambia ndiyo, na bwana ni yule yule.

Hatukujua habari ya siku ya familia. Kwa kweli yeye aliisikia kwa wenzake, ila alidhani ni ya wanaume wasio na wake, na yeye mke anaye, amemshika mkono. Ijumaa ndiyo siku pekee ya mapumziko kwa watu wengi waliokuwa wakiujenga mji ule, na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo siku ambayo mwanamume asiye na familia haruhusiwi kuingia madukani. Aliyeipanga sheria hiyo hakukosea siku. Aliijua vizuri sana.

Askari wa mlangoni alikuwa kijana wa Kikenya. Nilipomsikia akisema Kiswahili nilifurahi, nikajua tumepata ndugu.

"Dada, wewe ingia. Huyu abaki."

"Huyu ni mume wangu," nikamwambia.

"Wote husema hivyo, siz. Juzi jamaa mmoja alijiunga na bibi ya wenyewe hapa kwa mlango akaingia, supavaiza karibu anifute kazi. Hebu nione vitambulisho."

Tukampa. Akavitazama, akatutazama, akavitazama tena.

"Kampuni tofauti. Na majina hayafanani. Bwana na bibi, halafu kila mtu na jina lake?"

"Kwetu mke hachukui jina la mume. Mimi nina baba yangu."

"Kwetu huchukua."

"Hapa si kwenu! Waulize wenye nchi yao kama wake zao huchukua."

"Cheti cha ndoa mnacho?"

"Nani anatembea na cheti cha ndoa mfukoni? Wewe unatembea nacho?"

"Mimi sijaoa, siz."

"Wala sishangai," nikamwambia.

Watu nyuma yetu walikuwa wameanza kusogea sogea. Mwenzangu akanivuta pembeni. Ana tabia moja inayoniudhi mpaka leo, akionewa anakuwa mpole. "Muache, bibie, anatafuta riziki yake. Picha tupige hapa hapa kwenye maegesho. Mtoto atajua nini?"

Nilikataa. Sikutaka mwanangu atuone kwa mara ya kwanza tuko pamoja, tumesimama nje ya mlango wa watu kwenye lami inayofukuta. Nilikataa na mpaka leo sijutii kukataa.

"Basi ingia wewe," akasema. "Uitazame, uje unihadithie. Mimi nimekuhadithia sana, sasa zamu yako."

Nikaingia kwa hasira, na kwa hasira hiyo hiyo nikaitalii Venisi. Baridi ilinipiga usoni. Juu walikuwa wamechora mbingu, ya buluu, na mawingu meupe ambayo hayaendi popote. Chini yake nyumba za rangi ya udongo na waridi, na taa za barabarani zinazowaka mchana. Madirisha yalikuwa na mbao za kufungulia, lakini hakuna aliyeyafungua tangu yawekwe. Nilitafuta nguo hata moja iliyoanikwa, sikuiona. Kwenye vibaraza vya juu walipanga maua, na mimi kazi yangu ni vumbi, nikaliona vumbi la maua ya plastiki kutoka chini nilikosimama. Nikaugonga ukuta mmoja kwa kiganja. Ukalia kama boksi tupu. Nyumba niliyozaliwa ina kuta za mawe na chokaa ambazo ukizigonga unaumia mwenyewe, na imeachwa inaporomoka.

Mfereji wenyewe ulikuwa na maji ya buluu yanayonuka dawa, nikaona vigae vya chini. Boti nyembamba ilipita na wanawake wawili na watoto wao. Kijana wa Kifilipino aliyevishwa fulana ya mistari alisimama nyuma akijifanya anaendesha, huku nikiisikia mashine ikiunguruma. Kila kitu pale kiliigizwa na kila kitu kiliruhusiwa. Mbingu ya uongo iliruhusiwa, na Muitalia wa kutoka Manila. Mume wangu wa kweli, anayekijua Kitaliano kuliko mtu yeyote mle ndani, ndiye aliyetiliwa shaka.

Nilipanda daraja nikaegemea ukingo. Nilikuwa natafuta la kwenda kumhadithia na kila nililoliona lilikuwa tusi. Ndipo nikamwona.

Alikuwa anakuja upande wa pili wa mfereji, na mifuko mitatu mkono mmoja, na mkono mwingine amembeba mtoto wa kike mwenye nywele za kubana na utepe. Mbele yake alitembea mama wa Kiarabu akisukuma kigari cha mtoto mchanga, kijana mwingine mdogo akimng'ang'ania abaya. Mwenzangu aliponiona alicheka kwa aibu.

Baadaye alinieleza. Mama yule alifika mlangoni na watoto wake watatu, dereva amekwenda kutafuta pa kuegesha. Akamwona mwanamume mweusi amesimama hana kazi, akamwashiria ashike mifuko na ambebe mtoto. Mwenzangu akashika. Na yule yule ndugu yetu askari akawafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Karibuni."

Nilishuka darajani damu inanichemka. Mume wangu na mimi tusingeweza kuwa familia, lakini akibeba mizigo ya watu, ameshakuwa familia. Nilitaka kupiga kelele mle ndani mpaka mbingu yao ibanduke.

"Nimeingia, bibie," alininong'oneza. "Toa simu haraka."

Kwa Kiarabu chake cha gari la mboga akamweleza yule mama kwamba mimi ni mke wake. Mama alishangaa, kisha akatabasamu. Nimhukumu kwa haki, hakuwa mtu mbaya. Alichukua simu yangu mwenyewe, akatuambia tusimame penye daraja. Mwenzangu akaweka mifuko chini, akainama amteremshe mtoto. Mtoto akakataa. Akamkaba shingo, akalia. Mama yake akambembeleza, mwenzangu akambembeleza, ndio kwanza akazidi kumng'ang'ania na kuuficha uso kwenye lile shati jeupe. Mama akatazama saa, akainua simu. Mwenzangu akamtekenya mtoto kidogo anyamaze, mtoto akacheka, na yeye akacheka, na picha ikapigwa.

Waliingia duka la viatu, mwenzangu akamaliza kubeba, mama akamshukuru na kumruhusu. Hakuwahi kufika darajani niliposimama kumngoja. Askari wa ndani alimwona yuko peke yake, akamshika kiwiko, akamwongoza hadi mlango wa nje. Nilitoka nyuma yao. Tulingojea basi bila ya kusemezana, maana ningefungua mdomo ningemgombeza yeye, na yeye hakuwa na kosa.

Siku alipopanda ndege nilikuwa kazini, nasafisha chumba cha mtu. Picha nilikuwa nimeshaituma. Usiniulize kwa nini sikuikata nimtoe yule mtoto. Nilijaribu, lakini mkono wa mwenzangu ulikuwa umemzunguka, na nikimkata yeye namkata na baba.

Nilipopiga, mama yangu akampa mwanangu simu. Nilisikia anavyohema, anaitazama.

"Huyu ndiye mama," akasema. "Na huyu baba." Kisha akauliza, "Mama, huyu mtoto ni wenu wa huko?"

"Hapana mwanangu. Ni mtoto wa watu."

"Mbona baba anamchekea?"

Nilikuwa na shuka la mgeni mkononi. Nikamwambia mtoto yule alikuwa analia, baba alikuwa anambembeleza tu, na kwamba baba yuko njiani, anakuja kwake. Hakunisikiliza.

"Mwambie huyo mtoto ashuke," alisema. "Mama, mwambie ashuke."