Manowari ya Somanda

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye jineri ya pamba, alipewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake uliotukuka, na akaarifiwa kwamba sasa yuko huru kushindana sokoni. Kushindana na nani, barua haikusema. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ametengeneza mashine za kuchambua pamba zilizokuwa zikienda kwa mafuta, mikanda ya mpira na huruma ya Mungu. Sasa mashine zilizimwa zikimsubiri mwekezaji. Mwekezaji miaka ile alikuwa mtu wa ajabu: kila kiongozi alimtangaza, hakuna aliyekuwa amemwona.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, barazani kwenye duka moja hapo Somanda, mtaani kwetu. Soko huria lilinifikia ndani ya marobota ya mitumba. Magauni yalitua Bariadi yakiwa na vifungo vyote na zipu zisizokwama, na wateja wangu wakagundua ghafla kwamba mimi huchelewesha kazi. Kweli nilikuwa nachelewesha, ila miaka yote waliichukulia kama tabia ya vyerehani.

Basi nyumba yetu ikawa na watu wazima wawili, wote huru.

Hapo ndipo Mholanzi alipofungasha. Alikuwa mtaalamu wa visima, amekaa Bariadi miaka mingi, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimtengenezea gari kila lilipogoma. Siku ya kuondoka aligawa vitu vyake. Mlinzi alipata baiskeli. Mpishi alipata jokofu, ingawa kwao Mkula umeme haukuwa umefika. Akalitumia kuhifadhia nguo, panya wasizile. Mume wangu, aliyelala chini ya lile gari masika na kiangazi, alipata sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya manowari.

"Hii meli ya babu zangu," Mholanzi alimwambia. "Miaka mia tatu. Inapiga vita baharini. Wewe mikono mzuri, wewe jenga."

Tulipolifungua nyumbani tukakuta michoro kumi na miwili, kila mmoja mkubwa kama kanga, na kitabu cha Kiholanzi. Mbao ndogo za kuundia huo mfano wa meli hazikuwemo. Nikaenda kumuuliza mpishi, naye akasema bila aibu, "Vile vijiti vyembamba? Nilijua ni vya kuwashia mkaa. Viliwaka vizuri sana, mama."

Mtu mwenye akili timamu angeuza ile michoro kwa mama wa maandazi afungie maandazi yake. Mume wangu aliitandaza juu ya meza yetu ya chakula, akaibana kwa mawe pembe nne, akaitazama tangu asubuhi hadi nilipokuja kudai meza.

"Nitaijenga," akasema.

"Uipeleke wapi?"

"Nitaijenga tu."

Niwakumbushe kwamba enzi hizo Simiyu ulikuwa mto, mkoa ulikuja baadaye sana. Na mto wenyewe, miezi mingi ya mwaka, ni mchanga ambao watu huufukua kutafuta maji ya ng'ombe. Ziwa lipo, huko Kalemela, lakini mume wangu alikuwa ameliingia mara moja tu, kwa mtumbwi, akatapika. Huyo ndiye jemadari aliyeamua kujenga meli ya kivita ya miaka mia tatu nyuma.

Alianza na uti wa mgongo, kisha mbavu. Ilikaa mezani kama ng'ombe aliyechunwa, na sisi tukawa tunakula mkekani, sahani mapajani. Mbao alizitafuta mahali pa karibu. Siku moja nilirudi kutoka barazani nikakuta kitanda chetu hakina ubao wa kichwani.

"Ule ulikuwa mninga mkavu," alinieleza kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari za mgonjwa wake. "Mninga mkavu haupindi."

Lakini kwenye meli alitaka upinde. Kwa hiyo alipasua ubao ule vipande vyembamba kama rula, akavishikilia juu ya mvuke wa sufuria yangu mpaka vilegee, akavigandamiza kwenye mbavu kabla havijapoa. Maji ya ugali yalichemka hadi yakakauka, yakaongezwa, yakachemka tena. Watoto waliuliza kama tunakula mvuke. Niliwaambia wamuulize baba yao, maana yeye ndiye aliyekuwa huru.

Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kutusalimia. Baada ya salamu zote za mwangaluka na habari za mvua, alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ni meli, mayu," nikamjibu. "Watu wengi wanakaa humo, wanakwenda vitani juu ya maji."

"Wanalima wapi?"

"Hawalimi."

"Ng'ombe wao?"

"Hawana ng'ombe."

Alifikiri kidogo. "Ndiyo maana wanapigana," akasema, akaketi.

Nilitegemea angemkanya mwanawe. Badala yake aliuliza kamba zitatoka wapi, na aliposikia kwamba zinahitajika kamba nyingi nyembamba kuliko uzi wa viatu, alitoa pamba kwenye mfuko aliotuletea, akaanza kusokota kwa vidole juu ya paja, kama walivyofanya bibi zake kabla ya jineri yoyote kujengwa. Alikaa wiki tatu. Kwa kamba nyembamba kabisa aliagiza singa za mkia wa ng'ombe kutoka nyumbani. Nikabaki peke yangu upande wa watu wenye akili.

Habari zilienea. Mchungaji wetu alimwita mume wangu Nuhu mbele ya kanisa zima, na waumini walicheka kuliko walivyopaswa kucheka ibadani. Vijana wa kijiweni waliuliza manowari itapigana na nani, Maswa au Magu. Mume wangu alikuwa akikata misumari ya inchi nne kwa msumeno wa chuma na kuinoa kwa tupa iwe mizinga, kila mmoja na mdomo wake na mkanda wake kiunoni, na mizinga yenyewe ilizidi sabini. Mtu anayetengeneza mzinga wa hamsini na tatu hana nafasi ya kujibu vijana.

Simba ndiye aliyewagombanisha yeye na mchoro. Mbele ya meli, Waholanzi walichonga simba. Ila simba wa kwenye karatasi alikuwa mwembamba kiunoni, ulimi nje, mkia umejiviringa kama wa nguruwe. Mume wangu alichunga ng'ombe utotoni upande wa kuelekea mbugani, na alikwisha kuonana na simba uso kwa uso, kwa muda mfupi tu, kama walivyopenda wote wawili.

"Hawa hawajawahi kumwona," akasema kwa huzuni. "Wamechonga mbwa."

Akamchonga wa kwake: shingo nzito, mabega yameshuka, kichwa chini kidogo, macho yakikutazama wewe binafsi. Mtoto wetu wa mwisho alikataa kupita upande ule wa meza kwa siku kadhaa.

Yalibaki matanga. Aliniomba, nikamwambia cherehani yangu haishoni upuuzi. Hakunibembeleza. Akachukua sindano, akakaa mlangoni, akaanza kushona mwenyewe. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu niliuona ule mshono: hapa mrefu, pale mfupi, umekunja kitambaa kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Kuna vitu fundi hawezi kuishi navyo nyumba moja. Nilimnyang'anya.

"Kama ni kuaibika, tuaibike kwa mshono ulionyooka," nikamwambia.

Nilinunua kitambaa cha marekani. Meli ya Uholanzi, matanga ya marekani, kamba za pamba ya Bariadi. Kumbe soko huria ndilo hilo. Nilipinda kingo upana wa punje ya mchele, nikatia mishono ya kugawa vipande kama mchoro ulivyoonyesha, nikayachovya kwenye uji mwepesi wa muhogo na kuyaanika juu ya migongo ya vibuyu ili yakauke yametuna, kama yana upepo. Sikuwa nimeshona kitu kigumu vile tangu suti ya harusi ya mtoto wa diwani. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa naamka mapema ili niyaguse kama yamekauka.

Ilipofika miaka miwili na ushee, manowari ikawa imekamilika, na hapo ndipo wakubwa walipogundua vipaji vyetu. Ujumbe kutoka Uholanzi ulikuwa unakuja kukabidhi visima. Ofisa mmoja wa maandalizi alifika nyumbani na kalamu mbili mfukoni, akaikagua meli kwa makini ya mtu asiyejua anakagua nini.

"Huu ni ujasiriamali," akatangaza. "Itakaa kwenye meza ya maonyesho. Lakini hii mizinga muitoe. Wafadhili hawapendi silaha."

"Ni meli ya kivita," mume wangu akasema.

"Ndiyo, lakini ya amani."

Mizinga haikutolewa. Mume wangu si mbishi. Alisema tu "nimesikia", neno ambalo ndani ya miaka yote ya ndoa yetu halijawahi kuwa na maana ya ndiyo.

Siku yenyewe meza ilipangwa uwanjani: magunia ya mpunga, vibuyu vya asali, vyungu, mahindi, na katikati manowari. Mume wangu alisimama nyuma ya mahindi, amevaa shati lake la Pasaka. Mgeni mkuu alikuwa mama wa makamo, mrefu, nywele fupi za mvi. Alipita kwenye mpunga akitabasamu, akapita kwenye asali akitabasamu, alipofika kwenye meli tabasamu likakatika. Akainama. Akahesabu kitu kwa kidole bila kugusa. Akazunguka mbele, akakutana na simba, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akacheka hadi akavua miwani.

"Anasema," mkalimani akatuambia, "kwao wamechonga simba kwa mamia ya miaka, na leo ndiyo mara ya kwanza amemwogopa mmoja."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nilimjua, alikuwa ameshiba kwa mwaka mzima.

Kisha ofisa akachukua kipaza sauti. "Na sasa, kwa furaha kubwa, wananchi wa Bariadi wanamkabidhi mgeni wetu meli hii, waliyoijenga kwa umoja na mshikamano wao!"

Makofi. Ngoma ikapigwa. Vijana wawili wakaishika meli, mmoja akaishika kwenye mlingoti. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ametoa macho kama mtu aliyesikia tangazo la msiba wake mwenyewe, na mdomo haukufunguka.

Mimi wangu ulifunguka. Sikuwa na kipaza sauti, wala sijawahi kukihitaji.

"Mheshimiwa, samahani! Hao wananchi ndio akina nani? Maana nimekaa na hiyo meli mezani miaka miwili sikuwaona. Aliyeijenga ni huyo hapo nyuma ya mahindi. Aliyesokota kamba ni mama yake. Matanga nimeshona mimi. Kama kuna mwananchi mwingine alikuja kuchemsha mbao kwenye sufuria yangu, anyooshe mkono!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Ngoma ikakata. Mkalimani alimtazama ofisa, akatazama chini, na mgeni akamwambia kwa sauti ya chini lakini kavu atafsiri yote. Alipotafsiriwa, mama yule aliwaashiria vijana waiweke meli chini, akamwinamia mume wangu, akaenda kuketi. Ratiba ikaendelea na kwaya.

Tulirudi nayo Somanda kwa mkokoteni, imekalishwa juu ya godoro, mimi nimeshika milingoti. Njia nzima nilisimulia nilivyomkomesha ofisa. Nilikuwa nafika sehemu tamu mume wangu aliposimamisha mkokoteni.

"Ningempa," akasema.

"Nani?"

"Yule mama. Kama wangeniuliza, ningempa mwenyewe."

Nikakaza mikono kwenye milingoti, naye akasukuma mkokoteni hadi nyumbani.

Kesho yake asubuhi, wageni wakiwa bado hawajaondoka, tuliipakia tena kwenye mkokoteni tukaenda kwenye nyumba ya wageni walikolala. Yule mama alikuwa anakunywa chai barazani. Mume wangu aliibeba meli kwa mikono yake miwili, akaiweka mbele yake, akasema maneno ambayo nina hakika alikuwa ameyapanga usiku kucha: "Nimeijenga mimi. Nakupa mimi."

Mkalimani hakuwa na kazi kubwa. Mama yule aliweka kikombe chini, macho yakamjaa maji, akauliza atupe nini. Mume wangu akakataa chochote. Alitaka jambo moja tu: chini ya meli, popote itakapowekwa, waandike imejengwa Bariadi, na nani.

Yule mama akatoa daftari, akaandika jina la mume wangu. Akaandika la mama mkwe. Nilikuwa nimesimama kando nikitazama ua, kama mtu asiyehusika.

Akanigeukia, akauliza, "Na matanga?"

Nikamtajia jina langu. Akaandika, akanionyesha. Alikuwa amekosea herufi mbili. Niliomba kalamu, nikalikata, nikaliandika upya mwenyewe, kwa herufi kubwa.