Mkazie Macho Msikilizaji Mmoja

Mimi ndiye niliyeitwa Migori kuwafundisha kina mama wa sokoni namna ya kuhutubia. Niliwaambia mambo mawili: mkazie macho msikilizaji mmoja, na usidanganye. Kisha nikavua miwani, maana sikutaka kufanana na karani.

Baada ya chakula cha mchana wakaanza kusinzia. Nikawasimulia jinsi mama yangu alivyouza omena, dagaa wa ziwani, kule Karungu ili nisome. Hiyo ni kweli tupu, lakini hakuna aliyeinua kichwa. Ndipo ulimi ukateleza: "Marehemu mama yangu..."

Ukumbi ukazinduka. "Woi, pole mwalimu!"

Pole ile ilikuwa tamu, nami nikaongeza chumvi. Nikamlaza mama hospitalini, nikamshika mkono, nikampa na maneno ya mwisho. Kule mlangoni, bila miwani, niliona kiwingu tu cha mama mmoja aliyejifunika leso usoni, mabega yakimtikisika. Nikamkazia yeye macho. Kadiri alivyotikisika, ndivyo nilivyozidi kuzika.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya kilio, "wewe unanielewa."

"Nakuelewa sana, wuoda. Mwanangu wewe!"

Sauti ile ndiyo iliyonilea. Nikapapasa miwani mfukoni, nikaivaa. Kumbe jana yake nilipomjigambia kwa simu kuhusu ukumbi huu, mama alifunga safari, na omena ya kuniletea mkononi. Alikuwa akifuta machozi ya kicheko.

"Jamani, mpeni marehemu kiti," akawaambia wenzake. "Ametoka Karungu, na anataka kusikia alizikwa wapi."