Barua nilizoandika chuoni kuficha ugonjwa wa mdogo wangu, Muscat

Wakuu, salamu zenu. Hili nimekaa nalo miaka mingi. Leo nalitoa kama lilivyokuwa, hata pale linaponiumbua mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa natoka nyumbani kwetu Sib kila asubuhi kwenda kazini wizarani, Al Khuwair. Njiani namshusha mdogo wangu Salha chuoni. Alikuwa amerudi kutoka Marekani, alikosoma mwaka mmoja. Huko aliumwa na kupe porini, akapata ugonjwa unaoitwa Lyme.

Dawa alimaliza. Mwili haukurudi.

Magoti yanavimba, kichwa kizito, ukurasa mmoja anausoma mara nne na hauingii. Madaktari wengine waliita Lyme sugu, wengine jina hilo walilikataa. Sisi tulichokiona ni msichana wa miaka ishirini anayeshika ukuta kwenda msalani.

Mama akaamua lisitoke nje. "Watu wakisikia ana maradhi yasokwisha, nani atakuja kumposa?"

Wanaozijua familia zetu za Waomani wa Zanzibar wananielewa. Mgeni akibisha hodi, Salha anavishwa vizuri, anakaa sebuleni anatabasamu. Mgeni akiondoka, tunambeba.

Kazi yangu mimi ilikuwa barua. Akikosa masomo, naandikia chuo: safari ya familia, harusi, msiba. Shangazi yetu mmoja nilimzika mara tatu, na yuko hai, anakula kutushinda sote.

Nikajiona kaka wa maana.

Nisiwachoshe. Chuo kikatoa onyo la mwisho: attendance haitoshi, anafukuzwa. Nikaenda na Salha kwa mama mmoja wa usajili, nikamwambia ukweli wote. Akafungua faili, akazipanga barua zangu mezani.

"Ndugu yangu, sasa nikuamini ipi?"

Salha ndiye aliyesema, polepole: "Barua kaandika yeye. Maumivu yangu mie. Nitizame mikono."

Akainyoosha. Vidole havikunyooka.

Yule mama akamwita daktari wa chuo. Muhula ule ulipotea, lakini Salha alibakishwa, akapewa nusu ya masomo na ruhusa ya kujilaza kwa nesi akizidiwa. Alimaliza, miaka miwili nyuma ya wenzake.

Mwenye mgonjwa anayesoma, nenda chuoni wiki ya kwanza na vyeti vya daktari. Sema jina la ugonjwa. Akipata mchumba asiyejua, mmepata nini?

Siku ile tuliyotoka kwa yule mama wa usajili, garini aliniuliza, "Kaka, ulikuwa ukinionea aibu?"

Nikamwambia hapana, nilikuwa nakulinda tu.

Nilimdanganya, wakuu. Nilikuwa namwonea aibu. Naye alijua, maana aligeukia dirishani mpaka tukafika Sib.

Sijamwomba radhi mpaka leo. Mliowahi kumfanyia mtu wenu hivi, niandikieni hapa: kuomba radhi mlianzaje?